Kumfunza Mwogeleaji Mbali na Bwawa la Mita 50

Kumfunza mwogeleaji wa mashindano ni kazi ya kupunguza ukinzani wa maji kwanza, kisha kuongeza nguvu za mwili. Maji ni mazito kuliko hewa kwa karibu mara 800, na kila mwendo unapoongezeka maradufu, ukinzani huo hupanda takriban mara nne. Ndiyo maana kijana mwenye misuli ya kubeba magunia huachwa nyuma na msichana mwembamba wa miaka 12 anayejua kujinyoosha. Mkimbiaji mwenye mtindo mbovu lakini mwenye pumzi anaweza kushinda mbio, na Kenya imewaona wengi wa namna hiyo. Majini hilo ni nadra. Nguvu isiyo na mtindo huishia kwenye mapovu.

Katika Kayole, mtaa mkubwa wa Eastlands jijini Nairobi ulio karibu na Komarock na Umoja, kazi hii huanza na swali la maji yenyewe. Nyumba nyingi ni za ghorofa za kupanga, mfereji hutoa maji kwa zamu, na siku ukikauka watu hununua maji kwa mtungi wa lita 20. Bwawa dogo la mashindano, lenye urefu wa mita 25, upana wa mita 12.5 na kina cha wastani cha mita 1.5, hubeba karibu lita 469,000. Hiyo ni mitungi zaidi ya 23,000. Bwawa la Olimpiki la mita 50 kwa 25, lenye kina cha mita 2, hubeba lita milioni 2.5. Maji hayo husafishwa na kurudishwa bwawani, hayamwagwi kila wiki, lakini pampu, klorini na mlinzi wa bwawa vina gharama ya kila siku. Basi haishangazi kwamba mabwawa ambayo mtoto wa Kayole anaweza kuyafikia kwa mguu au kwa matatu moja ni ya shule za binafsi, hoteli na sehemu za burudani. Mengi ni mafupi kuliko mita 25, na baadhi yamechongwa kwa umbo la kupendeza macho ambalo halimfai mtu anayetaka kuogelea kwa mstari ulionyooka. Bwawa la mita 50 lipo Kasarani, katika uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Kulifikia ni safari ya Outer Ring Road kisha Thika Road, na foleni ya asubuhi inaweza kumeza muda wote wa mazoezi.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini mwaka 2019 katika madarasa ya chini, uliweka kuogelea miongoni mwa shughuli za mwendo. Katika shule isiyo na bwawa somo hilo hubaki kitabuni. Kwa hiyo watoto wengi wa Eastlands humjia kocha wakiwa wamejifunza kwingine: katika mito, mabwawa ya mashambani walikopelekwa likizo, au mashimo ya machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua, yale yanayoitwa kware. Wenyewe huita duf mpararo. Machimbo hayo yameua watoto, kwa sababu kingo zake ni wima, kina hakijulikani, na chini kuna mawe na vyuma. Kocha anayefaa hatasifu ushujaa huo. Hata hivyo hatapuuza kilichopatikana humo, kwani mtoto aliyepitia duf mpararo haogopi maji, na woga ndio unaokula miezi ya mwanzo ya mafunzo kwa wengine.

Kasoro anayokuja nayo ni ya kichwa. Anayeogelea kwenye maji machafu huinua kichwa ili aone na asimeze maji. Kichwa kikipanda, nyonga na miguu hushuka, na mwili unakuwa ukuta unaosukuma maji mbele. Hapo ndipo mafunzo ya mashindano huanza hasa: kumfundisha mtoto kulala juu ya maji akitazama sakafu ya bwawa, shingo ikiwa imelegea, huku akitoa pumzi polepole kwa pua na mdomo. Zoezi la kwanza halina mikono wala miguu. Mtoto husukuma ukuta, hubana masikio kati ya mikono iliyonyooshwa, kiganja juu ya kiganja, na kuteleza hadi mwendo uishe. Kocha hupima alifika wapi. Anayeteleza mita 3 wiki hii na mita 5 mwezi ujao ameongeza kasi bila kuongeza nguvu hata chembe, na zoezi hili linawezekana katika bwawa lolote, hata lile la umbo la maharagwe.

Mitindo minne ya mashindano hufuata: mtindo huru, chali, chura na kipepeo. Wengi huanza na mtindo huru na chali kwa sababu mwili hujizungusha kwa namna inayofanana, na mkono mmoja hufanya kazi wakati mwingine unapumzika. Katika mtindo huru kosa la kawaida ni kuukandamiza mkono chini mara tu unapoingia majini. Mkono wa namna hiyo huinua mabega, hausogezi mwili mbele. Kocha humtaka mwogeleaji aache kiwiko kikiwa juu, kiganja na mkono wa chini vitazame nyuma, kisha auvute mwili upite pale mkono ulipojishika. Kuogelea na ngumi zilizofumbwa kwa urefu mmoja au miwili wa bwawa hulifundisha hilo haraka kuliko maelezo, maana ngumi haina pa kushika maji na mkono wa chini hulazimika kufanya kazi. Chura ni mtindo wa wakati: mvuto, pumzi, teke, kisha kuteleza, na ukiharakisha kuteleza umeharibu vyote. Kipepeo huachwa mwisho, kwa umbali mfupi mfupi. Mtoto anayelazimishwa mita 100 za kipepeo kabla ya wakati hujifunza kuokoa maisha yake tu, si kuogelea kipepeo.

Mtindo ukishakaa, saa huingia. Mabwawa makubwa yana saa ya ukutani yenye mshale mwekundu unaozunguka kila dakika, na mwogeleaji hujisomea mwenyewe muda wa kuondoka na kufika. Forbes Carlile, kocha na mwanasayansi wa Australia, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuifanya saa hiyo kuwa kawaida katika karne ya 20, pamoja na desturi ya kupunguza mazoezi kabla ya shindano. Huko Marekani James Counsilman, aliyemfunza Mark Spitz kabla ya medali zake saba za dhahabu za Munich mwaka 1972, alipiga picha za waogeleaji chini ya maji ili aone mikono inafanya nini hasa. Siku hizi simu iliyofungwa kwenye mfuko usioingiza maji hufanya kazi ya Counsilman, na simu hiyohiyo ni saa ya kupimia muda. Kocha wa mtaani hana udhuru wa kukosa kupima.

Kipimo kimoja kinachohitaji simu na daftari tu ni hiki. Mwogeleaji huogelea mita 400 kwa bidii yake yote, hupumzika vya kutosha au hurudi siku nyingine, kisha huogelea mita 200 kwa bidii ileile. Tuseme 400 zimemchukua dakika 6 na 200 dakika 2 na sekunde 50. Tofauti ni dakika 3 na sekunde 10. Igawe kwa mbili, upate dakika 1 na sekunde 35 kwa kila mita 100. Hiyo ndiyo kasi anayoweza kuistahimili kwa muda mrefu kabla misuli haijaanza kuwaka na kugoma. Sehemu kubwa ya mazoezi ya kujenga pumzi hupangwa karibu na kasi hiyo, kwa vipande vifupi vyenye mapumziko mafupi: kwa mfano, mita 100 mara kumi, akiondoka kila baada ya dakika 1 na sekunde 50.

Hapo bwawa la mita 20 huleta tatizo ambalo vitabu vingi havilitaji, kwa kuwa vimeandikiwa mabwawa ya mita 25 na 50. Mita 100 ni marefu matano, na matano ni namba witiri: mwogeleaji anamalizia upande wa pili, mbali na kocha, na kundi zima linagongana. Kocha mwerevu huacha 100 na kutumia 80 au 120. Kwa mwogeleaji yuleyule, 80 zinapaswa kuchukua sekunde 76, na 120 dakika 1 na sekunde 54. Kipimo chenyewe hakina shida, kwani 400 ni marefu 20 na 200 ni marefu 10. Kamba mbili hugawa bwawa, watoto sita au wanane huzunguka katika kila njia wakishika upande mmoja, na kila mmoja huondoka sekunde 5 au 10 baada ya aliyemtangulia. Bila utaratibu huo bwawa dogo ni soko la Jumamosi.

Pamoja na sekunde, mikono nayo huhesabiwa. Mtoto anayemaliza mita 20 kwa mikono 22 na sekunde 18 hupata 40. Akirudia kwa mikono 18 bila kuchelewa, anapata 36, na kila mtu ukingoni anajua ameboreka. Mchezo huu wa kujumlisha hufanya kazi vizuri zaidi kuliko kupiga kelele "vuta! vuta!", ambayo ni tabia ya makocha wengi na ya wazazi karibu wote. Mapigo ya moyo huhesabiwa kwa vidole shingoni kwa sekunde 10 kisha huzidishwa kwa sita: 28 ni mapigo 168 kwa dakika. Kocha huangalia yanavyoshuka wakati wa mapumziko, maana moyo unaokataa kushuka baada ya zoezi jepesi huenda ni ishara ya malaria, usingizi mchache au njaa.

Bwawa fupi lina faida ambayo watu huisahau. Mwogeleaji wa mita 200 hugeuka mara tisa katika bwawa la mita 20, na mara tatu tu katika la mita 50. Mtoto wa bwawa fupi hupata mazoezi mara tatu zaidi ya kupinduka, kupanda miguu ukutani na kuteleza. Hasara ni upande wa pili wa hesabu hiyohiyo. Ikiwa kila ukuta humpa mita 4 za kuteleza, kuta tisa humpa mita 36 ambazo mikono haikuzifanyia kazi. Katika bwawa la mita 50 atapewa 12. Mita 24 zilizobaki atazivuta mwenyewe, nazo huhisiwa zaidi mwishoni, wakati mabega yameshachoka.

Kisa cha bwawa fupi kinachojulikana zaidi ni cha mwogeleaji Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Alikuwa amejifunza kuogelea kwa miezi michache katika bwawa la hoteli lisilofika mita 20, na hakuwahi kuona bwawa la mita 50 kabla ya kufika Australia. Alianza mita 100 za mtindo huru vizuri kiasi. Mita 50 za pili karibu zimzamishe. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72, na dunia ikamshangilia. Kilichosahaulika katika shangwe hizo ni kwamba hakuwa na kocha. Bwawa fupi lilichangia, lakini hakuna aliyekuwa amempimia nusu ya kwanza na nusu ya pili, wala aliyemwambia aanze taratibu. Mwaka 2012 Moussambani mwenyewe alikuwa kocha wa timu ya taifa lake.

Katika kuruka kutoka ukingoni, bwawa la mtaani haliruhusu ubunifu. Kanuni za World Aquatics, chama cha dunia cha michezo ya majini, hutaka kina kisichopungua mita 1.35 mbele ya vibao vya kurukia, kuanzia mita 1 hadi mita 6 kutoka ukutani. Mabwawa mengi ya burudani hayana kina hicho upande wowote, na kichwa kikigonga sakafu shingo inaweza kuvunjika. Palipo na shaka, mtoto huanza akiwa majini, na mazoezi ya kuruka husubiri bwawa lenye kina.

Kiasi cha mazoezi hutegemea umri. Mtoto wa miaka 8 au 9 hutosheka na mara mbili au tatu kwa wiki, sehemu kubwa ikiwa mtindo na michezo. Kati ya miaka 11 na 14 mazoezi yanaweza kufika mara nne hadi sita, na waogeleaji wakubwa wa kimataifa huingia majini mara nane hadi kumi kwa wiki, wakimaliza kilomita 40 au zaidi. Makocha wengine humpa mtoto wa miaka 10 mzigo wa mtu mzima kwa sababu huleta medali haraka. Medali hizo ni za mkopo. Bega ndilo hulipa kwanza, maana mwogeleaji huzungusha mkono maelfu ya mara kwa wiki, na uchungu wa mbele ya bega ndio ugonjwa wa kawaida kabisa wa mchezo huu. Mazoezi ya nchi kavu hukinga: kuvuta mpira wa tairi la ndani uliofungwa mlangoni, kuinua mwili kwa mikono, na kukaza tumbo na mgongo. Hayahitaji jimu, na siku bwawa limefungwa kwa kukosa maji ndiyo mazoezi ya siku hiyo.

Chakula ni jambo rahisi kuliko wauzaji wa vidonge wanavyodai. Githeri, ugali na ndengu, chapati na maharagwe, mayai, maziwa na matunda hutosha, mradi mtoto ale saa mbili au tatu kabla ya mazoezi na tena mara tu baada yake. Tatizo la kweli ni mtoto anayetoka shuleni saa kumi, hajala tangu saa saba, na anaingia bwawani saa kumi na moja. Uji na ndizi kabla ya kuingia majini vina maana kuliko kinywaji chochote cha dukani.

Wasichana wengi huacha mchezo wakikaribia utu uzima, na nywele ni sababu mojawapo inayosemwa kwa sauti ya chini. Klorini hukausha nywele, kusuka ni gharama, na kofia za kawaida hazitoshi kichwa chenye misuko. Kofia kubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya nywele nzito zilikataliwa kabla ya Olimpiki ya Tokyo, kisha zikaidhinishwa mwaka 2022. Kocha anayezungumza na mama wa mtoto kuhusu msuko mdogo wa kulala, mafuta kabla ya kuingia majini na kusuuza nywele baadaye huokoa waogeleaji wengi kuliko yule anayesema "hiyo si kazi yangu".

Nairobi ina mwinuko wa karibu mita 1,700. Oksijeni ni pungufu kidogo, na waogeleaji huchukua muda zaidi kurudisha pumzi kati ya vipande. Sekunde chache za ziada za mapumziko huhifadhi ubora wa kasi. Anayeshindana Mombasa baada ya kufunzwa Nairobi mara nyingi hujikuta na pumzi ya akiba. Baridi ndiyo adui mkubwa zaidi. Maji ya mashindano hutakiwa kuwa kati ya nyuzi 25 na 28, lakini bwawa la wazi lisilopashwa moto hushuka chini ya hapo mwezi wa Julai. Watoto wembamba hutetemeka baada ya dakika 20, na mtoto anayetetemeka hajifunzi kitu. Miezi hiyo hufaa vipindi vifupi vya kasi, pamoja na mazoezi zaidi ya nchi kavu.

Wiki mbili au tatu kabla ya shindano kubwa, umbali hupunguzwa hadi karibu nusu huku kasi ikibaki palepale. Waogeleaji huhisi wamekuwa wavivu, wazazi huuliza kwa nini wanalipia mapumziko, na makocha waoga hukubali kuongeza mazoezi. Huo ndio wakati wa kurekebisha vitu vidogo: kugusa ukuta kwa mikono miwili pamoja katika chura na kipepeo, kwani mkono mmoja ni kuondolewa, kuhesabu mikono kutoka kwenye bendera za mita 5 hadi ukutani katika chali, na kumalizia kwa mkono ulionyooka. Katika fainali ya mita 100 kipepeo huko Beijing mwaka 2008, Michael Phelps alimshinda Milorad Čavić kwa sekunde 50.58 dhidi ya 50.59. Čavić alikuwa mbele akateleza kuelekea ukutani. Phelps aliongeza nusu ya mkono.

Katika mchujo wa mbio hizohizo Jason Dunford, aliyezaliwa Nairobi, aliogelea sekunde 51.14 na kushikilia rekodi ya Olimpiki kwa dakika chache, mpaka Čavić alipoivunja. Dunford alimaliza wa tano katika fainali, na mwaka 2010 akashinda dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi. Kipaji kilianzia Nairobi, lakini miaka ya kukomaa aliipitia ng'ambo, hasa Chuo Kikuu cha Stanford. Kirsty Coventry wa Zimbabwe, mwenye medali saba za Olimpiki, alipitia njia kama hiyo katika Chuo Kikuu cha Auburn. Kwa wengine, mlango wa Olimpiki ni nafasi zinazotengewa nchi zisizo na waogeleaji waliofikia muda wa kufuzu, kwa kawaida mwanamume mmoja na mwanamke mmoja.

Milango yote hiyo hufunguliwa kwa muda ulioandikwa rasmi, na muda rasmi hutambuliwa katika mabwawa ya mita 25 na 50 pekee. Wa kufuzu Olimpiki ni wa mita 50 tu. Daftari la bwawa la mita 20 ni mali ya kocha, halina uzito popote pengine. Kwa hiyo mtoto wa Kayole anayeonyesha dalili akiwa na miaka 13 au 14 huanza kupelekwa Kasarani, angalau Jumamosi mbili kwa mwezi, alfajiri kabla ya foleni. Huko hafanyi mazoezi ya kawaida. Huogelea mita 50 na 100 kwa kasi ya mashindano, huruka kutoka kwenye kibao, na kocha huandika mikono aliyotumia katika mita 25 za kwanza na za mwisho. Ikiwa za kwanza ni mikono 20 na za mwisho 27, zoezi la wiki inayofuata kule mtaani limeshajulikana: mita 40 bila kusukuma ukuta kwa nguvu, akigeukia katikati ya maji, ili mikono izoee umbali ambao bwawa lenyewe halina.